Mali bila daftari: Kabla ya kununua mfumo wa ofisi, tujifunze kwa wauza omena wa Homa Bay na Migori

Ukipita soko la Kongowea alfajiri utayakuta magunia ya omena yakishushwa kutoka kwenye malori. Sisi watu wa Pwani tuna samaki wetu wa bahari, lakini omena wa Ziwa Victoria wamepata nafasi katika vyungu vyetu, hasa siku ambazo mfuko ni mwepesi. Magunia hayo hutoka Mbita, Homa Bay na Kendu Bay, na mengine Karungu na Muhuru Bay upande wa Migori. Huvuka nchi nzima hadi kufika huku. Mzigo hufika. Kinachopotea njiani mara nyingi ni maandishi.

Mwaka jana jirani yangu, ambaye anauza omena kwa jumla hapo Kongowea, aliniomba nimsindikize hadi Homa Bay kusuluhisha jambo. Mama anayemletea omena alikuwa anamdai Sh84,000. Jirani alikuwa anaapa kwamba amelipa, na ujumbe wa M-Pesa alikuwa nao kwenye simu. Mama naye alikuwa anaapa kwamba hajaona hata senti. Watu hawa wawili wamefanya biashara miaka sita bila mkataba wala wakili, na sasa walikuwa wamefika mahali pa kuitana wezi.

Tulikaa katika stoo yake, juu ya magunia, tukafungua madaftari. Yalikuwa matatu: moja la mizigo iliyotoka, moja la pesa zilizoingia, na la tatu la madeni. Hakuna lililokuwa likikubaliana na mwenziwe. Baada ya saa mbili tuliipata ile pesa. Ilikuwa imetumwa kwa nambari ya kijana aliyekuwa karani wake, kwa sababu siku hiyo simu ya mama ilikuwa imezima. Kijana alipokea, akalipia lori na magunia matupu, akamwambia mama kwa mdomo wakati mama ana wateja wanne mbele yake. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyeandika.

"Ustadh," mama aliniambia tulipomaliza, "mwanangu anataka ninunue mfumo wa kompyuta. Kuna mtu amekuja hapa, anataka elfu sabini, na kila mwezi elfu tatu na mia tano. Nikinunua, hii shida itaisha?"

Nilimwambia, "Mama, kwa mpangilio huu haitaisha."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa nianzie wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu nalisikia pia Likoni, Malindi na Lamu.

Serikali imeshaweka mfumo wake

Wafanyabiashara wengi wadogo hawajaamka tu na kupenda kompyuta. Wamesukumwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliagiza kila anayefanya biashara atoe ankara ya kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi unapopiga hesabu ya kodi, isipokuwa mambo machache kama mishahara. Biashara ambazo hazijasajiliwa kwa VAT zilipewa hadi Machi 31, 2024 kujiunga.

Hapo awali risiti ilikuwa jambo kati ya muuzaji na mnunuzi. Sasa ni jambo la watu watatu. Hoteli ya Diani ikinunua samaki kwa mama asiye na ankara ya eTIMS, hoteli ndiyo inayoumia, kwa sababu gharama hiyo itahesabiwa kama faida na kutozwa kodi. Kwa hiyo hoteli haitagombana na mama. Itamwacha tu, itafute mwenye karatasi. Wengi wameondolewa sokoni namna hiyo, kimya kimya, bila kuambiwa sababu.

Serikali yenyewe iliona tatizo. Marekebisho ya sheria ya taratibu za kodi yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh5 milioni. Ni nafuu kwa mvuvi na mkulima. Lakini tazama vizuri: mzigo wa kuandika haukuondoka, umehamia kwa yule anayenunua kutoka kwao. Mama wa Homa Bay, ambaye hununua ufuoni kutoka kwa watu kumi na watano kwa siku, sasa anapaswa kujua nani amemuuzia, kiasi gani, lini na kwa bei gani.

Ongeza hapo tarehe za mwezi. Mwenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, akiwa katika kodi ya mauzo, hulipa asilimia 3 kila mwezi, na mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye kuajiri ana tarehe 9 kwa ajili ya kodi ya mishahara, NSSF na michango ya SHA. Kuna na tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Kosa siku, faini.

Kaunti nazo zinahama kutoka pesa taslimu hadi malipo ya simu katika masoko na vituo vya mabasi. Sipingi. Pesa nyingi za umma zilikuwa zikipotea mifukoni. Ila nataka tuone kilichofanyika: serikali imejenga mfereji wa taarifa kutoka kaunta ya duka hadi Hazina. Mfereji huo unaanzia pale ankara inapotolewa. Kazi ya biashara huanza mapema zaidi, simu inapolia na mteja kusema "niwekee magunia kumi". Kati ya simu ile na ankara kuna hatua saba au nane ambazo hakuna mfumo wa serikali unaozijua wala kuzisaidia. Hapo ndipo Sh84,000 zilipopotelea.

Utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4 nchini. Kati ya hizo, zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Nyingi zilizobaki ni za mtu mmoja au wawili, daftari moja na simu moja. Hao ndio tunaowaambia wawe kidijitali.

Andika kazi kabla ya kuandika hundi

Wauzaji wa programu hawapendi kusikia hili, lakini ukichukua kazi iliyovurugika ukaiingiza kwenye kompyuta, utapata vurugu ileile kwa kasi zaidi, na safari hii imechapishwa vizuri. Kama madaftari matatu hayakubaliani, jedwali tatu za Excel hazitakubaliana pia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama zaidi ya kalamu. Kwa wiki moja, kila mtu ofisini aandike kila anachofanya na dakika alizotumia: kupokea oda, kutafuta bei, kuthibitisha malipo, kuandika risiti, kupiga simu kwa dereva, kukumbusha deni, kuhesabu mishahara. Asiruke kitu kwa kuona ni kidogo.

Hatua ya pili, chukua oda moja uifuate kutoka mwanzo hadi mwisho, kama unavyomfuata mbuzi aliyepotea. Imeingilia wapi? Nani ameipokea? Ameandika wapi? Nani mwingine ameandika jambo hilohilo mahali pengine? Imekaa wapi ikisubiri, na ilikuwa ikimsubiri nani? Kwa mama yetu tulikuta jina la mteja na idadi ya magunia vinaandikwa mara nne: kwenye WhatsApp, daftari la mizigo, daftari la madeni na karatasi ya dereva. Kila mara vinapoandikwa upya ni nafasi mpya ya kukosea.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme duka linapokea oda 30 kwa siku, na kuiandika oda moja mara nne kunakula dakika 10. Hizo ni dakika 300, yaani saa tano za karani. Ukiandika mara moja tu mahali ambapo kila mtu anaona, ikawa dakika 3, umebaki na dakika 90. Umeokoa saa tatu na nusu kila siku, na bado hujanunua chochote. Umepunguza hatua tu. Hilo ndilo agizo la tatu: ondoa hatua zisizo na maana kwanza, kisha ndipo ufikirie kuiachia mashine zilizobaki.

Hapo nikamkumbusha mama habari za Kendu Bay. Mji ule ulikuwa bandari ya meli za ziwani, na Msikiti wa Tawakal uliopo pale ni miongoni mwa misikiti mikongwe ya Nyanza. Duka la bandari la wakati ule lingeweza kuendeshwa kwa daftari moja kubwa juu ya meza. Kila kitu kingeingia humo, na kisingetoka kitu dukani kabla ya kuandikwa. Huo ungekuwa mfumo, tena bila umeme. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kipi kiachiwe mashine, kipi kibaki kwa mtu

Ukishajua kazi zako, zigawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kazi zinazojirudia, zenye kanuni isiyobadilika, na ambazo kosa lake linaonekana haraka. Hizi mashine inaziweza. Chukua mshahara wa mfanyakazi wa Sh20,000. Mchango wa SHA ni asilimia 2.75, yaani Sh550. Tozo ya nyumba ni Sh300 kutoka kwake na Sh300 kutoka kwako. NSSF ni asilimia 6, Sh1,200 kutoka kwake na Sh1,200 kutoka kwako. Hesabu hiyo ni ileile kila mwezi. Hakuna sababu ya mtu kukaa usiku wa tarehe 8 na kikokotoo. Iwekwe kwenye jedwali mara moja, na simu ikukumbushe tarehe 5. Vivyo hivyo kumjibu mteja anayeuliza bei ya leo, kutuma ujumbe kwamba mzigo umeondoka, na kulinganisha taarifa ya malipo ya M-Pesa na orodha ya oda.

Fungu la pili ni kazi zinazohitaji kumjua mtu. Nenda Awendo au Rongo, Kaunti ya Migori, kwenye nchi ya miwa. Mwenye duka la mbolea na pembejeo humkopesha mkulima akijua atalipwa miwa ikilipwa. Miwa inaweza kuvunwa leo na malipo yakachelewa miezi. Sasa weka mfumo unaotuma ujumbe wa deni kila baada ya siku saba, kwa maneno makali yaliyoandikwa na mtu wa Nairobi. Mkulima ambaye hana kosa, anayesubiri pesa yake kama unavyosubiri yako, atapokea vitisho kumi na viwili ndani ya miezi mitatu. Msimu ujao atapeleka biashara yake kwa jirani yako. Mashine ikukumbushe wewe kwamba deni limefika siku 30. Kumpigia mkulima, au kumwacha, uamue wewe.

Bei ya mteja wa zamani, mkopo, mzigo uliorudishwa, na kila shilingi inayotoka, vibaki na kibali cha mtu. Na pesa inayotoka iwe na watu wawili: mmoja wa kuandaa, mwingine wa kuidhinisha.

Kisha jua majira ya biashara yako. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na wavuvi hupenda giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mzigo hupungua. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Mfumo uliopangwa kwa wastani wa oda za mwaka utakudanganya: wiki moja utazidiwa, nyingine utakaa bure. Lakini miezi ile minne ya kufungwa ndiyo wakati mzuri wa kupanga, kufundisha watu na kujaribu. Usibadilishe mfumo wakati mitumbwi imejaa.

Isebania: duka moja, pesa mbili

Kwa upande wa Migori kuna somo jingine. Isebania inapakana na Sirari ya Tanzania, na wateja huvuka kila siku. Duka la hapo hupokea shilingi ya Kenya na ya Tanzania, hupokea M-Pesa ya huku na pesa za mitandao ya kule, na lina wateja wanaotaka ankara ya KRA na wengine wanaohitaji karatasi za mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini nao unahitaji cheti.

Programu nyingi za maduka zinazouzwa huku zina sehemu moja ya bei na sarafu moja. Mwenye duka wa Isebania akinunua bila kuuliza, atalazimika kuandika mauzo ya Tanzania pembeni, kwenye daftari. Amerudi alikotoka, ila sasa analipa ada kila mwezi. Wenzetu wa Lunga Lunga na Taveta mnanielewa.

Ndiyo maana nasema orodha ya kazi zako iwe tayari kabla ya kumwita muuzaji wa programu. Mwekee mbele yako: hizi ndizo hatua zangu, hizi ndizo sarafu zangu, hivi ndivyo mteja wangu anavyolipa. Nionyeshe kwa oda tatu za kweli za wiki iliyopita. Asipoweza, mpe chai aende.

Mwulize pia gharama ya mwaka mzima, si ya siku ya kwanza. Kwa bei aliyopewa mama, elfu sabini za kuanza na elfu tatu na mia tano mara 12 ni Sh112,000 katika mwaka wa kwanza, kabla ya bando la intaneti na fundi. Huenda ni bei ya haki kwa biashara kubwa. Kwa yule mwenye wafanyakazi wawili, simu yenye WhatsApp Business, ambayo haina ada na inaweza kujibu wateja kwa majibu uliyoyaandaa, jedwali moja la pamoja mtandaoni, na nambari ya Till iliyosajiliwa kwa jina la biashara, vinatosha kuanzia.

Siku mtandao unapozima

Mfumo mzuri hupimwa siku mbaya. Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zililala gizani. Mwezi mmoja kabla yake, eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, watu wakashindwa kulipia huduma za serikali. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Hakuna mwenye duka wa Homa Bay aliyesababisha hayo, lakini wote walikuwa na wateja siku hizo.

Kwa hiyo uwe na kitabu cha risiti cha karatasi chenye nambari zinazofuatana, na kanuni iliyo wazi: mtandao ukirudi, nani anaingiza yaliyoandikwa, na kabla ya saa ngapi. Nakala ya jedwali ihifadhiwe kila wiki mahali pengine. Na malipo yathibitishwe kwenye taarifa ya Till yako, si kwa ujumbe ambao mteja anakuonyesha kwenye simu yake. Ujumbe wa uongo wa M-Pesa umewatia hasara wengi, kuanzia Mbita hadi Mtwapa.

Mwezi wa kwanza, endesha mfumo mpya na daftari la zamani pamoja. Kila jioni linganisha. Vikikubaliana siku 30, weka daftari kabatini. Visipokubaliana, usilaumu kompyuta kabla ya kutafuta hatua uliyoisahau.

Karani na siri za wateja

Kuna watu wawili ambao husahaulika katika mipango hii. Wa kwanza ni karani. Kijana wa mama alipomwona yule muuzaji wa programu, alijua anakuja kuchukua ugali wake. Mtu mwenye hofu hiyo hatakusaidia kuorodhesha kazi zake. Ataficha nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayouangusha mfumo. Mwambie mapema zile saa tatu na nusu utazitumiaje: afuatilie madeni, atafute wateja, akague magunia. Kama kweli utampunguza, mwambie ukweli huo pia, umpe muda. Kumficha ni dhulma.

Wa pili ni mteja. Orodha ya majina, nambari za simu na madeni ni amana. Nayo pia iko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Biashara ndogo isijidanganye kwamba haionekani. Orodha ya wanaodaiwa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Akaunti ya jedwali na nambari ya biashara ziwe kwa jina la mwenye biashara, si la karani wala la fundi. Mtu akiondoka, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo.

Serikali inadaiwa pia

Kuna atakayesema haya yote ni mtego wa kodi: ukipanga vitabu vyako, KRA itakuona. Hofu hiyo naielewa, na wafanyabiashara wana haki ya kudai viwango vya haki na faini zisizoua. Lakini asiyejua mauzo yake hawezi hata kubishana na KRA. Atakubali makadirio yoyote atakayoletewa. Mwenye rekodi ana la kusema, kwa KRA na kwa mnunuzi mkubwa anayetaka kumpunja.

Ila serikali isidhani kazi yake imekwisha kwa kuwa eTIMS inafanya kazi. Iliahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi ya nchi hii. Homa Bay ina wadi 40 na Migori 40. Vituo hivyo visiwe vyumba vya kompyuta zenye vumbi, wala vya vijana kuangalia mpira. Kila wiki pawe na siku ya wafanyabiashara, mtu aje na daftari lake, asaidiwe kuchora njia ya oda yake, kupanga hesabu ya mishahara na kutoa ankara ya kwanza. Maafisa wa KRA waje siku hiyo kufundisha, faini wakaziache ofisini. Magavana Gladys Wanga na Ochillo Ayacko, na wenzao wa kaunti zetu sita za Pwani, wamepata njia za kidijitali za kukusanya. Tunawaomba wamsaidie anayekusanywa naye awe na yake.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili halikuanza na KRA. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, kuwa na mwandishi muadilifu na mashahidi, liwe dogo au kubwa. Na mwenye biashara hawezi kutoa zaka kwa uhakika kama hajui bidhaa alizonazo, pesa alizonazo na madeni anayotarajia kulipwa. Wengi wetu hukisia kila Ramadhani. Jedwali moja lililotunzwa vizuri mwaka mzima lingetutoa katika kukisia huko.

Mama hakununua ule mfumo. Alifungua Till kwa jina la biashara, akaacha madaftari mawili, na binti yake akatengeneza jedwali moja ambalo jirani yangu anaweza kuliona akiwa Kongowea. Kijana karani bado yupo, na sasa ndiye anayelijaza. Mama amesema msimu ukifungwa Aprili atamwita tena yule muuzaji, akiwa na orodha yake mkononi. Lile deni la Sh84,000 walilifuta siku ileile. Jirani alilipia chakula cha mchana, tukala samaki, na alipotaka kuondoka mama akamwambia asubiri, akaandika kwanza.